WAJERUMANI, RELI YETU NA MZIGO WA VITA

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Katika mjadala wa Chama cha Kiswahili muhula uliopita, hoja ilikuwa hii: ni askari gani hodari zaidi vitani? Kijana mmoja wa kidato cha pili alisimama akasema kwamba hakuna kama wale askari wa miavuli wa Ujerumani katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Alisema, "Hao hawangoji barabara wala daraja. Wanashuka tu kutoka juu, na kila kitu chao wanacho." Darasa zima likapiga makofi, mimi nikiwemo.

Tulipokuwa tukitoka, mwalimu wetu wa historia aliniuliza swali moja tu: "Na hicho kila kitu chao, kilibebwa na nani?" Nilinyamaza kimya kama maji ya mtungini. Basi makala haya ni jibu langu, ingawa limechelewa. Nitaanza na hao askari wa miavuli, kisha nitarudi hapa kwetu Emali, kwa maana Wajerumani wenye silaha waliwahi kuwa majirani zetu, na habari yao inatufundisha zaidi kuliko sinema.

1. ASKARI WA MIAVULI: WEPESI WENYE GHARAMA

Tarehe 20 Mei 1941 Wajerumani walivamia kisiwa cha Krete, nchini Ugiriki, kwa kutumia maelfu ya askari walioruka kutoka kwenye ndege. Kamanda wao mkuu alikuwa Jenerali Kurt Student. Ni kweli walikuwa hodari, lakini hebu tutazame vifaa vyao.

Mwavuli wa Kijerumani wa wakati huo ulikuwa umefungwa kwa nyuma, mgongoni. Askari alining'inia akiinamia mbele, mikono yake haifikii kamba, kwa hivyo hakuweza kuuongoza mwavuli aende kulia au kushoto. Alikwenda alikopelekwa na upepo. Akifika chini alianguka kwa mikono na magoti, ndiyo sababu alivaa vikinga magoti. Kwa kuwa aliangukia mbele namna hiyo, ilikuwa hatari kuruka na bunduki ndefu. Wengi waliruka na bastola, mabomu ya mkono na kisu. Bunduki zao na risasi ziliteremshwa kando, ndani ya masanduku yenye miavuli yake.

Sasa fikiria, ndugu msomaji. Umeangukia shamba la mizeituni, adui anakupiga risasi, na bunduki yako iko kwenye sanduku mita mia moja kutoka hapo. Wengi walikufa wakiyatafuta masanduku hayo. Wajerumani walishinda na kukiteka kisiwa, lakini karibu watu wao 4,000 walikufa au kupotea, na baada ya hapo Hitler hakutaka tena uvamizi mkubwa wa namna hiyo.

Kwa hiyo yule mwenzetu hakusema sawa. Askari wa mwavuli hakushuka na kila kitu chake. Alishuka na kidogo sana, na kile kingine kilimponyoka.

2. WAJERUMANI WALIOKUWA MAJIRANI ZETU

Tuje nyumbani. Asubuhi yenye anga safi, ukisimama hapa Emali ukatazama kusini, unauona Mlima Kilimanjaro. Mwaka wa 1914 mlima huo ulikuwa ndani ya koloni la Ujerumani, na hii reli ya zamani inayopita mjini kwetu ilikuwa ya Waingereza. Ilianza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896, ikafika Nairobi mwaka wa 1899, na Kisumu mwaka wa 1901. Kila risasi, kila gunia la chakula na kila askari wa Waingereza aliyetoka baharini alipita juu ya reli hii moja. Ukiikata, umemkaba adui koo.

Vita vilipoanza Agosti 1914, jeshi la Wajerumani katika koloni lao lilikuwa na askari Waafrika wapatao 2,500 na Wajerumani wapatao 260. Kiongozi wao alikuwa Paul von Lettow-Vorbeck. Katikati ya mwezi huo huo waliuteka mji wa Taveta. Kutoka pande hizo za mlima hadi kwenye reli, upande wa Voi na Tsavo, ni kama kilomita mia moja hivi za nyika kavu.

Hapo ndipo Lettow-Vorbeck alipoanza kutuma vikundi vidogo vya doria kwenda kutega baruti chini ya reli. Kila kikundi kilikuwa na Wajerumani wachache, askari Waafrika wachache na wapagazi. Walitembea usiku na kujificha mchana. Kazi yao ilifanana sana na ile ya askari wa miavuli: kuingia nyuma ya adui, kupiga, na kutoweka. Tofauti ni kwamba hawa walikuja kwa miguu.

3. SAFARI YA KUTEGA BARUTI

Vifaa vyao vilikuwa nini? Bunduki, risasi, baruti, chakula na maji. Baruti nyingine ilitoka kwenye mashamba makubwa ya walowezi wa Kijerumani, na nyingine, iliyo kali zaidi, waliiteka kwa Waingereza baada ya vita vya Tanga vya Novemba 1914.

Waingereza hawakukaa kitako. Walianza kuweka mabehewa yaliyojaa mchanga mbele ya injini, ili bomu likilipuka liharibu mchanga tu na injini ipone. Wajerumani nao wakatengeneza mitego ambayo haikulipuka kwa gurudumu la kwanza. Ilingoja mabehewa kadhaa yapite kwanza, ndipo ilipuke. Mwenye hila alikutana na mwenye hila.

Lakini adui mkubwa wa doria hizi hakuwa Mwingereza. Adui alikuwa kiu. Sisi wa Emali hatuhitaji kuelezwa habari ya kiu. Tunajua Oktoba ikikaribia kwisha mvua haijanyesha ilivyo, jinsi punda wanavyopanga foleni kwenye kioski cha maji. Hebu tufanye hesabu ndogo. Mtu anayetembea katika jua hilo anahitaji kama lita nne za maji kwa siku. Akienda siku tatu na kurudi siku tatu, ni lita 24. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Kwa hiyo kabla hajabeba bunduki, kabla hajabeba baruti wala unga, tayari ana kilo 24 za maji peke yake! Haiwezekani abebe yote. Atategemea visima, na visima vizuri vililindwa na Waingereza. Lettow-Vorbeck mwenyewe aliandika baada ya vita kwamba wako waliokufa kwa kiu katika safari hizo, na wako waliokunywa mkojo wao.

4. BUNDUKI ZENYE MOSHI NA KIWANDA CHA PORINI

Watu wengi hudhani Wajerumani walikuwa na silaha za ajabu. Kumbe wengi wa askari wao mwaka wa 1914 walikuwa na bunduki za zamani, Mauser za mwaka 1871, zilizotumia baruti nyeusi. Ukipiga risasi moja, wingu la moshi linapanda juu ya kichwa chako, na adui anajua ulipo. Ni kama kujificha huku unapiga mluzi.

Basi silaha nzuri walizipata wapi? Kwanza, kwa adui. Pale Tanga, Waingereza walipokimbilia meli zao, waliacha bunduki zaidi ya 400, bunduki za rasharasha 16 na risasi zaidi ya laki tano. Pili, zilitoka baharini. Mwezi wa Aprili 1915 meli ya mizigo kutoka Ujerumani ilipenya hadi ghuba ya Manza karibu na Tanga. Ilipigwa na manowari ya Waingereza ikazama nusu, lakini wapiga mbizi waliokoa sehemu kubwa ya shehena. Risasi zilizolowa zilikaushwa na kufanyiwa kazi upya, moja moja. Tatu, manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg ilipoangamizwa katika delta ya Mto Rufiji mnamo tarehe 11 Julai 1915, mizinga yake kumi iling'olewa na kutumiwa nchi kavu. Ukienda Fort Jesus kule Mombasa utauona mmoja wao mpaka leo. Utazame, kisha ujiulize ulifikaje mabondeni na milimani pasipo barabara. Ulivutwa kwa kamba na mamia ya watu.

Vilevile, kwa kuwa Waingereza walikuwa wameziba bahari, vitu vingi vilitengenezwa hapa hapa Afrika. Dawa ya malaria ilitoka kwenye magome ya mti wa mkwinini uliopandwa Amani, katika milima ya Usambara. Dawa hiyo ya maji ilikuwa chungu mno hata wakaipa jina la utani la pombe ya Lettow. Nguo zilisokotwa kwa pamba ya nchini na kutiwa rangi ya magome. Viatu vilishonwa kwa ngozi za wanyama. Bendeji nazo zilitengenezwa kwa magome ya miti. Sifa hizo vitabu humpa Mjerumani, lakini mikono iliyosokota, iliyomenya magome na kushona, mingi ilikuwa ya Waafrika.

5. PUTO LILILORUDI

Sasa nafika kwenye kisa kilichonishangaza kuliko vyote. Wajerumani walijaribu kweli kuleta msaada Afrika Mashariki kwa njia ya angani!

Tarehe 21 Novemba 1917, chombo kiitwacho L59 kilipaa kutoka Jamboli, nchini Bulgaria. Hakikuwa ndege ya mabawa. Kilikuwa puto kubwa mno lenye injini, lililojazwa gesi ya haidrojeni, na urefu wake ulizidi mita 220, yaani zaidi ya viwanja viwili vya mpira vikipangwa kimoja mbele ya kingine. Nahodha wake alikuwa Ludwig Bockholt. Lilibeba shehena ya tani kama 15: bunduki za rasharasha 30, risasi zaidi ya 300,000, magunia ya dawa, na hata vifaa vya kushonea.

Ajabu ni kwamba halikukusudiwa kurudi. Huku hapakuwa na gesi ya kulijaza tena. Kwa hiyo puto lenyewe lilikuwa kifaa. Ngozi yake ya nje ingekatwa iwe mahema, kitambaa chake cha ndani kiwe bendeji, vyuma vyake vyepesi vijengee vibanda, na ngozi iliyotandikwa kwenye njia yake ya kupitia wafanyakazi iwe viatu. Hakuna cha kutupwa.

L59 ilivuka bahari, ikapita Misri, ikaingia Sudan. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Novemba, ikiwa magharibi ya Khartoum, ilipokea habari kwa redio kwamba irudi, kwa maana jeshi la Lettow-Vorbeck lilikuwa limefukuzwa kutoka mahali ambapo puto lingeweza kutua. Iligeuka, ikafika Jamboli tarehe 25 Novemba, baada ya saa 95 angani na kilomita zaidi ya 6,700. Shehena yote ilirudi kama ilivyokwenda.

Na siku hiyo hiyo, tarehe 25 Novemba 1917, Lettow-Vorbeck alifanya nini? Alivuka Mto Ruvuma akaingia Msumbiji, akaipiga kambi ya Wareno pale Ngomano, akateka bunduki na risasi na chakula. Vita vilipokwisha mwaka mmoja baadaye, tarehe 25 Novemba 1918, askari wake walijisalimisha Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala, Zambia. Bunduki nyingi walizoziweka chini zilikuwa za Kiingereza na za Kireno. Kilichotoka angani hakikufika. Kilichofika ni kile kilichobebwa kichwani.

6. HESABU YA MPAGAZI

Hapa ndipo swali la mwalimu linapopata jibu. Huku kwetu farasi na ng'ombe wa kukokota walikufa kwa kuumwa na mbung'o. Magari yalikwama matopeni. Kwa hiyo majeshi yote mawili, la Waingereza na la Wajerumani, yalibebwa na watu.

Chukua kalamu tuhesabu pamoja. Tuseme mpagazi anabeba kilo 25 za unga, naye anakula kilo moja kwa siku. Kambi iko mwendo wa siku tano. Kwenda na kurudi ni siku kumi, amekula kilo 10. Amewafikishia askari kilo 15. Kama kambi ina askari 1,000 wanaokula kilo moja kila mmoja kwa siku, watahitajika wapagazi karibu 670 wasiopumzika, wa chakula tu.

Sasa kambi ikisogea iwe mwendo wa siku kumi, mpagazi anakula kilo 20 njiani na kufikisha kilo 5 tu. Watahitajika wapagazi 4,000! Umbali umeongezeka mara mbili, watu wameongezeka mara sita. Na ikiwa ni siku kumi na mbili, anakula kilo 24 na kufikisha kilo moja. Wakubwa hawakukubali hasara hiyo. Walipunguza nini? Chakula cha mpagazi. Hesabu hiyo ndiyo iliyoua watu.

Mwezi wa Machi 1917 serikali ya kikoloni ya Kenya ilimteua John Ainsworth kusimamia ukusanyaji wa watu kwa ajili ya kazi hiyo, na vijana wakachukuliwa kwa nguvu kutoka pembe nyingi za nchi, Ukambani ikiwemo. Wakati huo Makueni yetu ilikuwa bado sehemu ya Machakos. Watu wa nchi ya joto walipelekwa penye baridi na mvua, wala-mahindi wakapewa vyakula wasivyovizoea na visivyoiva vizuri. Makumi ya maelfu walikufa, na wengi hawakufa kwa risasi, bali kwa kuhara, malaria, homa ya mapafu na njaa. Kwa upande wa Wajerumani mambo hayakuwa mema pia. Wapagazi walikamatwa vijijini, na majeshi yote mawili yakachukua chakula cha raia. Kule Ugogo, Tanzania, ilifuata njaa kubwa ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Wahenga walisema kweli, wapiganapo tembo nyasi huumia.

Majina ya wapagazi hao wengi hayakuandikwa vizuri, hata mishahara ya waliokufa ikakosa wa kuipokea. Lakini jina la kikosi chao limebaki midomoni mwetu bila sisi kujua. Ukiteremka kwenye matatu pale Kariokor, Nairobi, au ukisikia Kariakoo ya Dar es Salaam, umelitamka jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, lililogeuzwa kwa ndimi zetu. Palikuwa ni kambi zao. Vilevile, katika barabara ya Kenyatta, Nairobi, kuna sanamu za watu watatu zilizozinduliwa mwaka wa 1928. Mmoja wao ni mpagazi.

7. FUNZO

Nikirudi kwenye mjadala wetu, sikatai kwamba askari wa miavuli walikuwa na ujasiri. Lakini nimejifunza kwamba tukiambiwa habari ya jeshi lolote, tusiishie kwenye bunduki, kofia na mwavuli. Tuulize maji yalitoka wapi, unga ulibebwa na nani, na aliyebeba alikula nini. Methali inasema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa anayetazama, mzigo huo ni mwepesi kama sufi. Waliouandika ushindi wa vita hivyo walikuwa wakitazama. Waliobeba hawakupewa kalamu.

Mimi huvuka reli ya zamani kila asubuhi nikija shuleni. Siku hizi abiria wanapita kwa ile reli mpya iliyofunguliwa mwaka wa 2017. Zamani nilipokuwa nikivuka niliona vyuma tu. Sasa nikitazama kusini nikauona mlima, namwona mtu ametoka huko usiku, ana kibuyu kilichokauka, na kichwani ana sanduku la baruti ambalo si lake, la vita ambavyo si vyake. Sijui jina lake. Lakini huenda ni babu mzaa babu wa mmoja wetu.

Basi nawaombeni wenzangu kitu kimoja. Likizo hii, ukikaa na wazee, waulize kama katika ukoo wenu kuna aliyechukuliwa kwenda Kariakoo. Ukipata jina, liandike. Lete tulichapishe katika gazeti la mwaka ujao.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini askari wengi wa miavuli walioruka Krete hawakuwa na bunduki zao walipofika chini?
2. Eleza jinsi Waingereza walivyojaribu kuikinga injini ya treni, na jinsi Wajerumani walivyojibu.
3. Taja sehemu tatu za puto la L59 na matumizi yaliyokusudiwa ya kila sehemu.
4. Mpagazi anabeba kilo 25 na kula kilo moja kwa siku. Kambi ikiwa mwendo wa siku nane, atafikisha kilo ngapi ikiwa ni lazima ale kwenda na kurudi? Je, kambi ya askari 900 itahitaji wapagazi wangapi?
5. Tunga kifungu cha habari ukitumia methali "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi."